Meli ya watu 5,000, kijiji kisichofika watu 50: nani ananufaika na meli za kitalii Japani?

Habari yenyewe ilikuwa ya dakika mbili tu. Tuliisoma asubuhi, baada ya bei za ufuta na kabla ya matangazo ya vifo: kwamba meli za kitalii zimerudi kwa wingi kwenye pwani ya Japani, na kwamba baadhi ya miji ya huko inazipigania wakati mingine imezikataa. Tukadhani imepita. Kufika saa sita mchana simu ya studio ilikuwa imejaa ujumbe, na mmoja, wa mvuvi, ulitukaa kichwani: "Watangazaji, hiyo meli ikishafunga gati, watu wa pale wanaambulia nini? Maana huku kwetu watalii wanapita na magari vioo vimepandishwa."

Swali hilo halijibiki kwa dakika mbili, ndiyo maana tumeamua kuandika. Wewe unayesoma kwenye simu, soma taratibu, bando lako halitaisha kwa maandishi.

Safari yenyewe ikoje

Japani ni nchi ya visiwa. Serikali yake ilipovihesabu upya mwaka 2023 ilipata visiwa 14,125, vingi havina mtu. Ukiiunganisha pwani yote, ya visiwa vikubwa na vidogo, unapata karibu kilomita 30,000. Kwa nchi ya namna hiyo, kuizunguka kwa meli si jambo la ajabu.

Safari ya kawaida ya meli kubwa inaanzia Yokohama, bandari iliyo jirani na Tokyo, na inachukua siku nane, tisa au kumi. Meli inang'oa nanga jioni, inatembea usiku abiria wakiwa wamelala, na asubuhi wanaamkia mji mwingine: Kobe, Hiroshima, Kochi, kisha upande wa pili wa nchi kwenye bahari inayotazamana na Korea, ambako kuna Sakaiminato, Kanazawa na Akita, halafu kaskazini kabisa Aomori na Hakodate, mpaka inarudi Yokohama. Katika msimu wa sherehe za kiangazi, kampuni zinaipanga meli ifike Aomori kati ya tarehe 2 na 7 Agosti, wakati wa Nebuta, pale sanamu kubwa za karatasi zenye taa ndani zinapozungushwa barabarani usiku, au ifike Tokushima kati ya tarehe 12 na 15 kwa ajili ya ngoma ya Awa Odori.

Meli yenyewe ni hoteli inayoelea. Kuna vyumba zaidi ya elfu moja, kumbi za chakula, mabwawa ya kuogelea, maduka, ukumbi wa michezo ya jukwaani. Abiria analipa mara moja kabla ya kupanda, na malipo hayo yanajumuisha kitanda pamoja na chakula cha asubuhi, mchana na usiku. Shika hilo la chakula, tutalirudia.

Mjini meli inakaa saa nane mpaka kumi. Toa muda wa foleni ya kushuka, toa muda wa basi, toa saa nzima ya mwisho kwa sababu abiria akichelewa meli haimsubiri. Kinachobaki ni saa tano au sita. Ndani ya saa hizo ndimo mji mzima unatakiwa kuuza chochote ulichonacho.

Sheria ya mwaka 1899 na kijiwe cha bodaboda

Kuna jambo linalowashangaza hata abiria wenyewe. Unanunua tiketi ya kuizunguka Japani, halafu siku ya nne au ya tano unajikuta Busan, Korea Kusini. Unashuka, unanunua kitu sokoni, unarudi melini, mnarudi Japani.

Sababu ni Sheria ya Meli ya Japani, iliyotungwa mwaka 1899 na ambayo bado inafanya kazi. Inasema meli isiyo na bendera ya Japani hairuhusiwi kubeba abiria au mizigo kutoka bandari moja ya Japani kwenda nyingine. Sasa meli nyingi kubwa za kitalii, hata kama ofisi ya mwenye mali iko Marekani au Ulaya, zimeandikishwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, kwa sababu za kodi na za sheria za kazi. Mbele ya sheria ya Japani hizo zote ni meli za kigeni. Ili safari ihesabike kuwa ya kimataifa, lazima meli iguse bandari ya nje: Busan au Jeju huko Korea Kusini, au Keelung huko Taiwan.

Ukitaka mfano wa karibu, fikiria kijiwe cha bodaboda. Mwenye pikipiki wa kata nyingine haruhusiwi kuchukua abiria wa hapa kumpeleka hapahapa, atafukuzwa. Akitaka pesa ya abiria wa kwenu lazima kwanza amvushe mpaka, ndipo amrudishe. Kijiwe kinalinda riziki ya wenyeji. Japani nayo ililinda riziki ya mabaharia wake, na huwezi kuilaumu.

Lakini angalia ilivyogeuka. Meli za kitalii zenye bendera ya Japani ni za kuhesabu kwa vidole. Nchi hiyo ni miongoni mwa tatu zinazoongoza duniani kwa kujenga meli, na kiwanda cha Mitsubishi huko Nagasaki ndicho kilichojenga Diamond Princess, iliyokabidhiwa mwaka 2004. Baadaye kiwanda hichohicho kilichukua kazi ya kujenga meli mbili za kampuni ya Ujerumani, kikapata hasara kubwa mno, na mwaka 2016 kikatangaza kuachana na meli kubwa za namna hiyo. Kampuni ya Kijapani ilipotaka meli mpya ya kifahari, Asuka III, ilikwenda kuijengesha Ujerumani. Ilianza safari Julai 2025. Kwa hiyo sheria iliyowekwa kulinda meli za Japani leo inawapelekea wateja wenye maduka wa Busan. Tunavyoona sisi, wauza samaki wa Busan wana kila sababu ya kuipenda sheria hiyo kuliko Wajapani wenyewe.

Mji uliotengeneza treni

Tuje kwenye swali la mvuvi wetu. Tuanze na mahali ambapo watu wameambulia kitu.

Mkoa wa Akita uko kaskazini magharibi, unalima mpunga, una theluji nyingi, na vijana wanaukimbia. Mwaka 1956 ulikuwa na watu karibu milioni 1.35. Leo umeshuka chini ya 950,000, na karibu watu wanne katika kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Hakuna mkoa wa Japani uliozeeka kuliko huo. Wewe msikilizaji unayeishi kijiji ambacho vijana wote wamekwenda mjini, na nyumba tatu katika mtaa wako zimefungwa kwa kufuli, unaielewa Akita bila kwenda.

Meli ilipoanza kufika Akita kulikuwa na tatizo: gati liko mbali na katikati ya mji, kwa miguu hapafikiki, na mabasi yanakwenda kule wanakotaka waandaaji wa ziara. Bandarini kulikuwa na njia ya reli ya mizigo. Reli ile ikafanyiwa marekebisho, kikajengwa kituo kidogo karibu na gati, na tangu mwaka 2018 meli ikiingia kuna treni ya abiria wake, inayowafikisha stesheni kuu ya mjini kwa dakika kama 15. Pale abiria anashuka akiwa peke yake, hana kiongozi anayemsukuma, na pesa yake iko mfukoni. Anakula tambi anapopataka. Anaingia sokoni. Siku za mwanzoni mwa Agosti anaona sherehe ya Kanto, ambapo mtu mmoja anasimamisha kwenye kiganja, kwenye paji la uso au kwenye kiuno mwanzi wenye taa 46 na uzito wa kilo 50.

Treni hiyo si mradi mkubwa, maana reli ilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani ofisini aliuliza: huyu mgeni akishuka, tunamfikishaje kwenye meza ya muuzaji wetu? Ni swali la mvuvi wetu, likiwa limeulizwa mapema.

Sakaiminato, mji wa wavuvi wa kaa, ulijibu swali hilo kwa namna nyingine. Mchora katuni Shigeru Mizuki alikulia pale. Alipoteza mkono wa kushoto vitani, akaja kuwa maarufu nchi nzima kwa kuchora mizimu na majini ya hadithi za bibi na babu. Mwaka 1993 mji ulianza kusimamisha sanamu zake ndogo za shaba kando ya mtaa uliokuwa unakufa, na leo zimefika 177. Watu wanatembea kutoka sanamu hadi sanamu, na kila baada ya hatua chache kuna duka la mwenyeji. Mitaa yenye maduka yaliyofungwa iko tele Japani. Huu ulifunguka kwa sababu ya mizimu.

Pesa inakopotelea

Upande wa pili ni huu. Chakula kimelipiwa melini, tumeshasema. Kitanda kiko melini, hivyo nyumba ya wageni haipati mtu, na kodi ya malazi inayotozwa na miji kama Kyoto haimgusi. Ziara ya mjini inauzwa na meli yenyewe, nayo inachukua sehemu yake kwanza. Kinachobaki kwa mji ni ada za bandari, malipo ya rubani wa meli, mabasi ya kukodi na chochote mgeni atakachonunua kwa mkono wake.

Na hapo kwenye kununua kuna hadithi. Mwaka 2017 Japani ilipokea kwa meli za kitalii wageni zaidi ya milioni 2.5, rekodi ya wakati ule, wengi wao kutoka China. Bandari ya Hakata katika mji wa Fukuoka peke yake ilipokea meli 326, karibu moja kila siku. Piga hesabu: meli ya abiria 4,000, kwa mabasi ya watu 40, inahitaji mabasi 100. Mabasi hayo yaliegeshwa wapi? Barabarani, mbele ya maduka ya watu, mbele ya shule. Tena sehemu kubwa ya wageni hao walikuwa wananunua safari ya bei ya kutupwa, na waandaaji wakarudisha faida yao kwa kuwapeleka moja kwa moja kwenye maduka yasiyotoza kodi yanayolipa kamisheni kwa kila mteja anayeletwa. Mgeni alishuka, akaingia basi, akaingia duka hilo, akarudi basi, akarudi meli. Mwenye kibanda cha tambi mita 200 kutoka pale aliona moshi wa basi tu.

Kwenye kisiwa cha Miyako, karibu na Okinawa, chenye wakazi kama 55,000, siku ya meli wenyeji walilalamika kwamba hawapati teksi. Unaweza kusema hilo ni dogo. Mwambie bibi mwenye miadi ya hospitali.

Hatusemi meli ni mbaya. Tunasema idadi ya wageni haikuonyeshi pesa imeingia mfuko gani, na serikali yoyote ikisimama kujisifu kwamba "tumepokea wageni kadhaa kwa meli", swali la pili linapaswa kuwa: wamekula wapi?

Ugomvi wa wakubwa unafika gatini

Mji unaotegemea meli una tatizo jingine ambalo haukulianzisha wala hauwezi kulimaliza. Machi 2017, China na Korea Kusini zilikuwa zimekosana kuhusu mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora uliokuwa unawekwa Korea. Meli ya Costa Serena ilifika kisiwa cha Jeju ikiwa na Wachina kama 3,400. Mabasi yalikuwa yamepangwa, waongoza wageni wamesimama na vibendera. Abiria hao wakakataa kushuka. Meli ikaondoka. Baada ya hapo meli za kutoka China zikaacha kwenda Korea, na nyingi zikaelekezwa Japani. Ile rekodi ya 2017 kwa sehemu ilitokana na hilo: neema ya Fukuoka ilikuwa msiba wa Jeju.

Sasa zamu imegeuka. Novemba 2025, baada ya Waziri Mkuu wa Japani Sanae Takaichi kuzungumza bungeni kuhusu Taiwan, China iliwashauri raia wake wasisafiri kwenda Japani. Ndege zikafutwa, na baadhi ya meli za kutoka China zikabadili njia kukwepa bandari za Japani. Mwenye duka la keki karibu na gati la Nagasaki hakusema neno lolote kuhusu Taiwan, lakini bili imekuja kwake.

Waliokuwa chini ya sitaha

Huwezi kuzungumzia meli hizi bila kutaja Februari 2020. Diamond Princess, ileile iliyojengwa Nagasaki, ilirudi Yokohama tarehe 3 Februari kutoka safari iliyopita Hong Kong, na abiria mmoja aliyeshukia huko alikuwa ameshapimwa na kukutwa na kirusi kipya cha korona. Melini walikuwemo watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Wakawekwa karantini. Hadi mwisho, watu 712 walikutwa na maambukizi, na zaidi ya kumi walifariki.

Dunia ilikumbuka abiria waliopunga mikono kwenye roshani. Sisi tungependa mkumbuke wale 1,045. Abiria walifungiwa vyumbani; wafanyakazi hawakufungiwa, kwa sababu mtu alipaswa kupika na kusambaza chakula mlango kwa mlango mara tatu kwa siku. Walilala wawili au zaidi chumba kimoja, walikula pamoja, na wengi wa wagonjwa wa mwanzo upande wao walikuwa watu wa jikoni na wa kuhudumia chakula. Wa mwisho kushuka walishuka tarehe 1 Machi. Japani ikafunga bandari zake kwa meli za kitalii za kimataifa, na haikufungua tena kwa vitendo mpaka Machi 2023. Katika muda huo ni meli chache zenye bendera ya Japani ndizo zilizoendelea kwa vipindi kuzunguka ndani ya nchi, kwa sababu ile sheria ya 1899 haikuzigusa.

Tumelitaja hili kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Katika meli hizi, popote duniani zinapotembea, wanaotandika vitanda na kuosha vyombo ni vijana kutoka Ufilipino, Indonesia, India, na sasa pia Kenya na kwingineko Afrika Mashariki. Katika ujumbe wa wiki hii, watatu waliuliza si kuhusu Japani bali kuhusu kazi: je, ni kweli ukilipa laki kadhaa kwa wakala unapata nafasi melini?

Jibu letu ni fupi. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unakataza wakala wa ajira kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Kijana anaweza kujilipia vipimo vya afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Mtu anayedai "pesa ya nafasi", "pesa ya mafaili" au "pesa ya kumwona bosi" anavunja mkataba huo au ni tapeli kabisa. Kabla ya kuuza shamba la mzee, nenda kaulize kwenye mamlaka inayosimamia usafiri wa majini, TASAC kwa Tanzania Bara au mamlaka ya bahari ya Zanzibar au ya Kenya, kama wakala huyo amesajiliwa. Na ukipata kazi kweli, jua kwamba unakwenda kufanya kazi miezi mingi mfululizo bila kurudi nyumbani. Wapo wanaojenga nyumba kwa kazi hiyo. Lakini iende kwako ukiwa unajua.

Kijiji kilichoambiwa kitajengewa gati

Tumemalizia na hadithi ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii badala ya kumjibu mvuvi kwa ujumbe mfupi.

Kusini mwa Japani, kati ya Kyushu na Okinawa, kuna kisiwa cha Amami Oshima. Kina misitu mizito, mikoko, matumbawe, na sungura mweusi asiyepatikana kokote isipokuwa hapo na kisiwa cha jirani. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya meli ya Marekani ilipendekeza kujenga kituo chake cha kushushia watalii katika mji wa Tatsugo, kaskazini mwa kisiwa. Wenyeji walipinga, na mwaka huohuo mkuu wa mji akakataa. Mwaka uliofuata serikali kuu ikatoa uchunguzi ulioonyesha maeneo mengine ya visiwa hivyo yanayoweza kujengwa gati la meli kubwa. Moja lilikuwa Nishikomi.

Nishikomi iko pembe ya kusini magharibi ya kisiwa, mwisho wa barabara nyembamba ya milimani, chini ya utawala wa mji wa Setouchi. Zamani ilijulikana kwa uvuvi wa samaki jamii ya jodari. Wakati wa mjadala huu ilikuwa na wakazi wasiofika 50, wengi wao wazee. Meli iliyokuwa inazungumzwa ilikuwa ya ukubwa wa tani 220,000, yenye kubeba abiria zaidi ya 5,000. Kwa kila mkazi mmoja, zaidi ya wageni 100, kwa siku moja.

Usidhani waliounga mkono walikuwa wajinga au wamehongwa. Hoja zao tunazijua hata sisi. Kijiji kinakufa. Hakuna watoto. Mji wa Setouchi nao unapoteza watu kila mwaka. Mtu anakuja na pesa, anasema atajenga gati, ataleta ajira, na wewe una miaka 75 na wanao wako Osaka. Utamwambia arudi kwao?

Waliopinga nao waliuliza mambo ya kawaida kabisa. Maji ya kunywa ya watu 5,000 yatatoka wapi? Vyoo? Taka? Barabara ile ya kona kali itapitisha mabasi 100? Gati likijengwa juu ya matumbawe, samaki watazalia wapi? Na swali lililokuwa gumu kuliko yote: kama mgeni anashukia kwenye eneo la kampuni, anaogelea kwenye ufukwe wa kampuni na anarudi kula kwenye meli ya kampuni, Nishikomi inaingia wapi hapo?

Mji ukaunda kamati ya kulijadili suala hilo, ikiwa na wenyeji na wataalamu. Mjadala ukawa mkali, watu wa kisiwa kimoja wakagawanyika. Agosti 2019 mkuu wa mji wa Setouchi akatangaza kwamba wanauacha mpango huo. Julai 2021 misitu ya Amami Oshima ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na Tokunoshima, kaskazini mwa Okinawa na Iriomote.

Tofauti ya Nishikomi na Akita, kwa macho yetu, haipo kwenye meli. Pale Akita bandari ilikuwepo, mji ulikuwepo, wauzaji walikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mgeni kwao, nao wakaitengeneza. Nishikomi ilitakiwa itoe bahari yake na ufukwe wake, na biashara ije na mwenyewe kutoka nje. Meli kubwa zinafika Mombasa na Zanzibar, na meli ndogo za watalii zimeshaonekana Kilwa Kisiwani. Siku mwekezaji wa gati akija kwenye mkutano wa kijiji chochote cha mwambao wetu, na atakuja, watu wa Nishikomi wameshatuandalia maswali. Tena hawakuyauliza baada ya nguzo kuchimbiwa. Waliyauliza karatasi zikiwa bado mezani.

Kwa mvuvi wetu: ulituuliza wanaambulia nini. Akita, nauli ya treni, tambi na soko. Fukuoka ya mwaka 2017, wengine pesa nzuri, wengine moshi. Jeju, siku ile ya Machi, hawakuambulia hata senti. Nishikomi hawakuambulia gati, na samaki wao bado wana mahali pa kuzalia. Jumamosi saa mbili asubuhi tutalizungumza hili hewani pamoja na wavuvi wa mialo miwili, na namba ya ujumbe ni ileile. Tuma sauti ukiweza, maandishi mengine wiki hii yametushinda kusoma.